Hoja na Ghadhabu katika Siasa ya Mwanza na Kando ya Ziwa Victoria

Ni desturi ya siku nyingi, katika kueleza siasa ya Tanganyika kabla ya Uhuru na baada yake, kuyagawa maneno ya wanasiasa mafungu mawili: yale yatokayo katika akili na yale yatokayo katika moyo. Fungu la kwanza huitwa hoja, nalo husifiwa; fungu la pili huitwa jazba, hamaki au ghadhabu, nalo hulaumiwa. Mgawanyo huo waonekana kuwa mwepesi, lakini mtu akitazama ni nani aliyeutumia, na wakati gani, na juu ya nani, ataona kwamba mara nyingi ulikuwa wenyewe ni silaha ya mabishano. Upande wenye madaraka ulijiwekea akili, ukawaachia wapinzani wake moyo. Mji wa Mwanza na nchi iliyo kando ya Ziwa Victoria yafaa sana kwa uchunguzi wa jambo hili, kwa sababu huko, katika muda wa miaka kumi na mitano tu, kuanzia 1950 hata 1965, yalitokea mabishano makubwa manne: juu ya mizani ya pamba, juu ya kura tatu, juu ya baraza la Geita, na juu ya jembe na nyumba. Katika kila moja, pande zote mbili zilidai kwamba akili iko kwao.

Yapasa kwanza kuyatazama maneno yenyewe. Neno hoja latokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni ushahidi au dalili. Mwenye hoja ni mtu aliyeleta kitu cha kushuhudia ayasemayo. Mantiki nalo ni la Kiarabu, na shina lake ni moja na la tendo la kutamka, kana kwamba kufikiri sawasawa na kusema sawasawa ni kazi moja. Jazba lilitumika katika lugha ya masufi, ambako lilikuwa jina la kuvutwa: mtu aliyeshikwa na jazba alikuwa amevutwa na Mola wake hata akajisahau. Katika siasa neno hilo limeshuka daraja, likawa jina la kupayuka jukwaani. Hamaki lina asili katika neno lenye maana ya upumbavu. Basi mtu amwambiaye mwenziwe kwamba ana hamaki hakumweleza hali yake tu, bali amekwisha kumhukumu kabla ya kumsikiliza. Hata methali isemayo hasira hasara, ambayo ni ya kweli kwa mambo mengi ya maisha, husikika zaidi katika kinywa cha mkubwa amwambiaye mdogo avumilie kuliko katika kinywa cha mdogo amwonyaye mkubwa.

Lakini si wanafalsafa wote waliokubali kwamba ghadhabu haina akili ndani yake. Aristotle, katika kitabu chake juu ya ufasaha wa kusema mbele ya watu, alieleza katika karne ya 4 kabla ya Kristo kwamba ghadhabu huzaliwa na dharau: mtu hukasirika aonapo kwamba amefanywa si kitu bila haki. Maelezo haya yana faida kubwa kwa mwanahistoria. Ikiwa ghadhabu ni matokeo ya dharau, basi ndani yake mna madai, yaani kwamba dharau imetendeka, na kwamba haikustahili. Madai yaweza kuwa kweli au uongo, nayo yaweza kuchunguzwa. Kwa hiyo swali la mwanahistoria si kama wasemaji walikuwa na moto au baridi. Swali ni kama lile lililowatia moto lilikuwapo kweli, na kama walikuwa tayari kulipimwa kwa kipimo kilekile ambacho wao waliwapimia wengine.

Mabishano ya kwanza yalikuwa ya kipimo kwa maana yake ya wazi kabisa. Pamba ilikuwa zao kubwa la biashara la Usukuma, na katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya pili wanunuzi wake walikuwa wenye vinu vya kuchambua pamba, ambao wengi wao walikuwa Wahindi. Mkulima alileta mzigo wake mnadani, karani wa mnunuzi akaupima, naye mkulima, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, akapokea fedha kwa uzito aliotajiwa. Lawama ya kwamba mizani ilidanganya ilienea katika vijiji vyote. Lawama hiyo ilichanganyika na uchungu wa mambo mengi: uchungu wa kuonekana mjinga mbele ya karani, na uchungu wa rangi, kwa kuwa muuzaji alikuwa Mwafrika na mnunuzi hakuwa Mwafrika. Ilikuwa rahisi sana lawama hiyo kuishia katika matusi.

Haikuishia huko. Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925, na ambaye alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, aliwashawishi wakulima wafanye jambo moja dogo: waweke wapimaji wao wenyewe, watu waaminifu waliojua kusoma mizani, wasimame katika vituo vya kununulia na kuupima mzigo kabla haujafika kwa karani. Tokeo la fikira hiyo lilikuwa kubwa kuliko fikira yenyewe. Tangu hapo mkulima hakuhitaji kusema kwamba anadhani ameibiwa. Aliweza kusema ameibiwa ratili ngapi. Kutoka kwa wapimaji hao kilitokea chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na katika mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao hata kufikia Uhuru ulikuwa ndio mnunuzi wa pamba yote ya jimbo, na ukahesabiwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kupita vyote katika Afrika.

Yafaa kuangalia kwa makini ni nini kilichotendeka hapo. Si kwamba ghadhabu iliondolewa ili hoja ipate nafasi. Bila ghadhabu hapana mkulima ambaye angalikubali kutoa fedha yake kumlipa mpimaji. Lakini ghadhabu ilipewa kitu cha kushika, na kitu hicho kilikuwa na sifa tatu. Ya kwanza, kilionekana kwa macho. Ya pili, hata mnunuzi angeweza kukitazama na kukisoma, na kama mpimaji wa wakulima alikosea, kosa lake lingeonekana vilevile. Ya tatu, kilimfunga yule aliyekileta: mkulima aliyedai mizani ya haki alijifunga kukubali uzito wa haki, hata ukiwa pungufu ya alivyotumaini. Sifa hizi tatu ndizo zitakazotumika katika makala hii kuipambanua hoja, na ile ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote.

Mabishano ya pili yalitoka nje ya jimbo, lakini Jimbo la Ziwa halikuweza kuyaepuka. Serikali ya Kiingereza, chini ya Gavana Edward Twining, ilikusudia kuiendesha Tanganyika kwa siasa ya usawa wa rangi tatu: Waafrika, Waasia na Wazungu wawe na viti sawasawa katika Baraza la Kutunga Sheria. Kwa uchaguzi wa 1958 na 1959 nchi iligawanywa sehemu kumi, na kila sehemu ikapewa wajumbe watatu, mmoja wa kila rangi. Mpiga kura alilazimishwa kuwapigia wote watatu. Asipofanya hivyo kura yake iliharibika. Tena si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura: ilimpasa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiasi kilichowekwa, au cheo kilichotambuliwa. Chama cha United Tanganyika Party, kilichoanzishwa mwaka 1956, kiliitetea siasa hii. TANU, iliyoanzishwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai, 1954, iliipinga.

Hoja ya chama cha U.T.P. haikuwa ya kipuuzi, nayo yastahili kuelezwa kwa haki. Kilisema kwamba nchi maskini yahitaji mtaji na ujuzi, kwamba mtaji na ujuzi ulikuwa mikononi mwa wachache, na kwamba wachache hawatakaa ikiwa hawana hakika ya nafasi yao. Lakini ndani ya maneno hayo ya kiasi mlikuwamo hofu, na hofu ni moyo kama ghadhabu ilivyo moyo. Haikuitwa hivyo kwa sababu ilisemwa kwa sauti ya chini. Upande wa TANU ulijibu kwa hesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957 Waafrika walikuwa zaidi ya 8,600,000, na Wazungu walikuwa kama 20,000, yaani kwa kila Mzungu mmoja Waafrika zaidi ya 400. Usawa wa viti katika hali hiyo ulikuwa ni kusema kwamba mtu mmoja ni sawa na watu mia nne. Waafrika wengi waliona katika hesabu hiyo matusi zaidi ya kosa la hesabu, nao kwa maneno ya Aristotle walikuwa na haki, maana ilikuwa ni kufanywa si kitu.

Hapo ndipo ulipotokea mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Wajumbe wengi walikwenda wakiwa wamekusudia kuususia uchaguzi, kwa kuwa kuingia katika kura tatu kulionekana ni kuikubali dharau. Julius Nyerere alisimama upande wa kuingia. Nguvu ya hoja yake ilikuwa katika kuigeuza hesabu ya Serikali. Kama kila mpiga kura lazima awachague wajumbe wa rangi zote tatu, basi chama chenye wapiga kura wengi hakitachagua Mwafrika peke yake. Kitachagua na Mwasia, na Mzungu. Sheria iliyowekwa ili kulinda viti vya wachache ingempa TANU nafasi ya kuwachagua wachache waliokubaliana nayo. Na kama TANU ikikaa nje, viti vyote vingechukuliwa na wapinzani wake bila jasho. Mkutano ulishawishika, na uamuzi ule umejulikana tangu hapo kwa jina la Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea wa TANU, na wale wa rangi nyingine waliopata kibali chake, walichukua karibu viti vyote, na chama cha U.T.P. kikafifia mpaka kikafa.

Lakini uamuzi huo ulikuwa na gharama, na gharama hiyo yaonyesha kwamba jambo halikuwa akili upande mmoja na moyo upande wa pili. Zuberi Mtemvu alitoka katika TANU akaanzisha African National Congress mwaka ule ule wa 1958, akishika kwamba Afrika ni ya Waafrika. Wengi wameandika juu yake kama mtu wa hamaki. Hata hivyo msemo wake ulikuwa na mfuatano wake: ikiwa msingi wa kura tatu ni mbovu, basi kushiriki ni kuupa nguvu msingi mbovu. Tofauti ya Nyerere na Mtemvu ilikuwa katika swali walilojiuliza. Mmoja aliuliza kanuni ni ipi. Mwingine aliuliza matokeo yatakuwaje. Wapiga kura waliamua baina yao baadaye: katika uchaguzi wa Rais wa Novemba 1962 Nyerere alipata zaidi ya 98 kwa mia ya kura, na Mtemvu akapata kiasi cha 21,000 tu. Kushindwa huko hakuthibitishi kwamba hakuwa na hoja. Kwathibitisha kwamba hoja yake haikupata watu.

Mabishano ya tatu yalikuwa ya Geita, nayo ndiyo makali kuliko yote. Ili kuyafahamu ni lazima kukumbuka mambo mawili. La kwanza ni kwamba tangu mwisho wa 1954 Serikali ilikataa kuandikisha matawi ya TANU katika Usukuma, na hali hiyo iliendelea mpaka 1958. Sehemu ambayo chama cha Waafrika kilikuwa na mizizi mirefu, na ambamo mtu kama Saadani Abdu Kandoro, mshairi na mmoja wa waanzilishi kumi na saba wa TANU, alikuwa amefanya kazi ya siasa, iliachwa bila mdomo halali. La pili ni kwamba tangu 1947 Usukuma ilikuwa chini ya mpango mkubwa wa maendeleo, wenye kanuni nyingi: juu ya kulima kwa matuta, juu ya kupunguza ng'ombe, juu ya kutunza udongo. Nyingi za kanuni hizo zilikuwa na sababu za kitaalamu. Bwana Shamba aliyezieleza aliweza kuonyesha jinsi mvua inavyochukua udongo. Lakini mkulima aliyetozwa faini hakuulizwa kabla, na hoja isiyo na nafasi ya kujibiwa hugeuka amri, hata iwe kweli namna gani.

Katika hali hiyo Serikali ilianzisha Geita baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi mbali mbali. Watemi walikuwa wamekubali. Wananchi walisema wao hawakuulizwa. Wajumbe wasio Waafrika walikuwa wachache, na maofisa walistaajabu kwamba watu wachache hao walisababisha ghasia kubwa kiasi hicho. Mstaajabu huyo alikuwa amekosa kuona jambo lenyewe. Wananchi hawakuwa wakihesabu viti. Walikuwa wakiuliza ni nani mwenye haki ya kusema kwa niaba yao. Katikati ya mwaka 1958 mikusanyiko ilizidi, viongozi wakakamatwa, na maelfu ya watu wakatoka Geita, wakaivuka Ghuba ya Mwanza, wakaja mjini kuyaleta malalamiko yao mbele ya Mkuu wa Jimbo. Polisi waliwatawanya kwa moshi wa kutoa machozi.

Maneno yaliyotumiwa wakati huo yastahili kuchunguzwa. Katika lugha ya utawala, wale waliovuka ghuba walikuwa ni watu waliochochewa. Neno kuchochea ni neno la moto: huchochewa kuni. Mtu aliyechochewa hafikiri. Huwaka tu, na wa kulaumiwa ni aliyeshika mti wa kuchochea. Kwa neno hilo moja malalamiko ya maelfu ya watu yaligeuzwa kuwa kazi ya wachache, na wajibu wa kuyajibu ukaondoka. Lakini tendo lenyewe halikuwa na sura ya kuni ziwakazo. Watu walisafiri mwendo mrefu kumwendea mkubwa wa Serikali ile ile waliyoilalamikia, wakitaka kusikilizwa. Mtu asiye na hoja hafungi safari kutafuta hakimu.

Jambo hilo lilithibitishwa na mwisho wake. Richard Turnbull, aliyekuja kuwa Gavana mnamo Julai 1958, hakuyashughulikia mambo ya Geita kwa moshi peke yake. Mpango wa kulazimisha mabaraza ya rangi mbali mbali ukaachwa, na kabla ya mwaka kwisha TANU ikaruhusiwa katika Usukuma. Ikiwa malalamiko yalikuwa ni uchochezi mtupu, hapakuwa na sababu ya kubadili siasa. Siasa ilibadilishwa kwa sababu malalamiko yalikuwa na kiini, na kiini hicho kingeonekana miaka minne kabla kama kingalipewa mahali pa kusemewa. Kosa la utawala halikuwa kupenda hoja mno. Lilikuwa kudhani kwamba hoja ina namna moja tu ya kuvaa, yaani karatasi na mhuri.

Wakati huo huo, kiongozi wa TANU mwenyewe alipimwa kwa kipimo hicho. Katika mwaka 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa Serikali katika maandiko ya chama, na mnamo Agosti akahukumiwa kulipa faini ya Sh. 3,000 au kwenda gerezani miezi sita. Wafuasi wengi wangependa aende gerezani, kwa kuwa kiongozi aliyefungwa huwasha mioyo kuliko kiongozi aliyelipa. Nyerere alilipa. Uchaguzi wa kwanza wa kura tatu ulikuwa umekaribia, na chama kilimhitaji nje. Hapa pana mfano wa mtu aliyekuwa na nafasi ya kuvuna ghadhabu ya watu bila taabu, akaiacha kwa sababu hesabu yake ya mambo ilimwelekeza kwingine.

Mabishano ya nne yalitokea baada ya Uhuru, na yalikuwa baina ya watu wa chama kimoja. Katiba ya muda ya 1965 iliifanya Tanzania kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, lakini katika uchaguzi wa Septemba mwaka huo wananchi walipewa wagombea wawili katika karibu kila jimbo la uchaguzi, wote wa TANU Tanzania Bara. Kila mmoja alipewa alama: jembe au nyumba. Masharti yaliyowekwa yalikusudiwa hasa kuutenga moyo na ulimi. Ilikatazwa kutumia kabila, dini au rangi. Ilikatazwa mgombea kudai kwamba yeye ndiye apendwaye na Rais. Wagombea wote wawili walisimama katika jukwaa moja, mbele ya watu wale wale, na wasikilizaji waliweza kuuliza maswali. Na hotuba zote zilipaswa kusemwa kwa Kiswahili.

Sharti hili la mwisho lina maana ya pekee kando ya Ziwa. Katika Usukuma lugha ya mama ilikuwa Kisukuma. Katika Ukerewe, Kikerewe. Upande wa Musoma lugha zilikuwa nyingi. Kumlazimisha mgombea aseme Kiswahili kulikuwa kumnyima maneno ya ukoo, ya nyimbo na ya wazee waliokufa, yaani maneno yale yagusayo moyo kabla hayajapita katika akili. Kiswahili kilifanywa mizani: chombo ambacho hakikuwa cha upande wowote. Lakini yapasa kusema pia kwamba mizani hiyo haikuwa sawa kwa wote. Mgombea aliyesoma na aliyekwisha kufanya kazi mjini aliisoma kwa urahisi. Mzee wa kijijini, ambaye hekima yake yote ilikuwa katika lugha yake, alisikiliza hoja kwa mbali kidogo.

Mpango huo ulipingana na desturi moja ya kale ya Wasukuma. Tangu karne ya 19 ngoma za Usukuma zimegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu, wafuasi wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande hizo hushindana, kila moja katika uwanja wake, kwa nyimbo, kwa mizaha, kwa mapambo na kwa dawa, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi. Desturi hiyo ina uzuri wake: watu huzomeana mchana kutwa bila damu kumwagika, na kesho yake hulima pamoja. Lakini kanuni yake ni kwamba wingi wa watu ndio ushahidi. Msikilizaji aliyesimama upande wa Wagika hausikii wimbo wa Wagalu ila kwa upepo. Jukwaa la 1965 liligeuza jambo hilo juu chini: hapakuwa na viwanja viwili vyenye kushindania watu, bali kundi moja la watu lenye kuwasikiliza washindani wawili.

Hata hivyo moyo haukufungiwa nje. Alama zenyewe ziliuletea mlango. Mwenye jembe aliweza kuwaambia wakulima kwamba bila jembe hapana chakula, na kwamba hata nyumba hujengwa na mtu aliyeshiba. Mwenye nyumba aliweza kujibu kwamba jembe hulala nje, bali mtu hurudi nyumbani. Maneno hayo hayakuwa na uhusiano wowote na uwezo wa mgombea kuwa mjumbe wa Bunge, lakini yalikuwa matamu. Yaonyesha kwamba mtu akinyimwa kusema la maana hutafuta la kupendeza. Maana liko jambo lililokatazwa ambalo lilikuwa kubwa kuliko kabila na dini: haikuwezekana kuuliza kama njia ya chama yenyewe ni sawa. Hoja iliruhusiwa juu ya mtu, haikuruhusiwa juu ya njia.

Ndani ya mipaka hiyo wapiga kura walihukumu bila kuogopa. Mawaziri wawili walishindwa, na mmoja wao alikuwa Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliyekataliwa huko huko Mwanza. Sababu za kushindwa kwa mtu katika uchaguzi haziwi moja. Lakini yaliyokuwa yakitokea katika ushirika wa pamba wakati huo yanajulikana. Muungano ulioanzishwa ili kumtetea mkulima mbele ya mizani ya mgeni ulikuwa umekuwa mkubwa, wenye makato mengi katika bei, na makarani wake nao walianza kushukiwa kwa yale yale waliyoshukiwa makarani wa zamani. Mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika, nayo ilikuta ubadhirifu na udhaifu mwingi. Muungano wa Mwanza ukawekwa chini ya uangalizi wa Serikali, na baadaye ukapangwa upya.

Hapo ndipo sifa ya tatu ya hoja inapopata uzito wake wote. Wakulima wa 1950 walidai kwamba mwenye kupima naye apimwe. Dai hilo halikuwa na rangi, ingawa aliyelaumiwa wakati ule alikuwa na rangi nyingine. Kama lilikuwa hoja ya kweli, ilipasa libaki kweli mizani ilipohamia mkononi mwa Mwafrika, tena mwanachama wa chama tawala. Wale waliolishika dai hilo wakati wote, hata lilipowaumiza wenzao, walikuwa na hoja. Wale walioliacha mara mizani ilipokuwa yao walikuwa na ghadhabu tu, hata kama waliisema kwa utulivu.

Mambo yaliyofuata yameongeza ushahidi. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta kwamba watu kiasi cha 80 kwa mia ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Tume haikuhesabu vichwa tu. Ilipima sababu, pamoja na haki ya wale 20 waliobaki. Wapiga kura wa Mwanza kisha walionyesha kwamba si kundi lifuatalo ngoma moja. Mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela, yote mawili ya mjini, yalichukuliwa na CHADEMA, na aliyeshindwa Nyamagana alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani; mwaka 2015 yote mawili yalirudi CCM. Mtu awezaye kubadili mawazo mara mbili katika miaka mitano hakuongozwa na damu wala na mazoea peke yake.

Lakini pamoja na vyama vingi kilirudi pia kiwanja cha Wagika na Wagalu. Kila chama hukusanya watu wake, kwa rangi zake na nyimbo zake, na picha ya umati hutolewa kuwa ushahidi wa kwamba chama kina haki. Kila upande huuita mwingine wenye jazba. Jukwaa moja la 1965, ambalo lilikuwa na kasoro kubwa ya kuunyima upinzani nafasi, lilikuwa na jema moja ambalo uhuru mpana zaidi haukulihifadhi: msikilizaji mmoja alizisikia pande zote mbili kwa siku moja.

Historia hii basi haimpi haki yule asemaye kwamba siasa ingekuwa njema kama watu wangeacha mioyo yao nyumbani. Mizani ya pamba isingalisimamishwa bila uchungu, na baraza la Geita lisingaliondolewa bila ghadhabu. Wala haimpi haki yule adhaniye kwamba uchungu watosha, maana aliyeumia jana aweza kuumiza kesho kwa mizani ile ile. Iliyo wazi ni kwamba mabishano yalizaa matunda pale ambapo ghadhabu ilipata kitu cha kupimwa, na pale ambapo mwenye ghadhabu alikubali naye kupimwa. Mahali ambapo sharti hilo lilikosekana, sauti ya chini haikuwa bora kuliko sauti ya juu, na karatasi yenye mhuri haikuwa na akili kuliko umati uliovuka ghuba.